Kazi Tatu, Mji Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kujijengea Riziki na Kusudi Katika Mji Mdogo

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na usemi huo umewaponza wengi wanaoishi miji midogo. Mtu anatafuta kazi moja ya kuishika maisha yake yote. Asipoipata, anajiona ameshindwa. Akiunganisha kazi tatu na zikamlisha vizuri, bado anaona haya anapoulizwa anafanya kazi gani, kwa sababu jibu ni refu.

Mji mdogo una uhaba wa aina mbili. Wateja ni wachache, kwa hiyo kazi moja mara nyingi haitoshi. Watu wa kufanya mambo nao ni wachache, kwa hiyo nafasi za kuhitajika zimejaa kila upande. Uhaba wa kwanza unakulazimisha uchanganye kazi, na wa pili ndio unaokupa sababu ya kuamka. Hatua zinazofuata zimejengwa juu ya mambo hayo mawili.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kuota

Mwaka 1776 Adam Smith aliandika kwamba ukubwa wa soko ndio unaoamua mtu anaweza kubobea kwa kiasi gani. Alitoa mfano wa nyanda za juu za Uskoti, ambako nyumba zilikuwa mbalimbali mno hata kila mkulima akalazimika kuwa mchinjaji na mwokaji wa nyumba yake. Mwaka 1933 mwanajiografia Mjerumani Walter Christaller alilieleza jambo hilohilo kwa namna nyingine: kila huduma ina idadi ya chini ya wateja, na pasipo idadi hiyo haisimami. Duka la mahitaji ya kila siku hutosheka na watu wachache, lakini daktari bingwa huhitaji eneo zima.

Weka kazi unayoifikiria kwenye kipimo hicho. Tuseme mji una watu 6,000, yaani kaya kama 1,200. Tuseme unataka kutengeneza vyombo vya umeme vya aina fulani, kaya moja kati ya tatu inacho chombo hicho, na kila chombo huharibika mara moja katika miaka miwili. Hapo una vyombo 400, na 200 kati yake vitaharibika mwaka huu. Hiyo ni takriban kazi nne kwa wiki kwa mji mzima. Ukipata nusu ya wateja, umepata kazi mbili. Kila moja ikichukua saa tatu, kazi hiyo ina saa sita kwa wiki.

Hesabu kama hii huwakatisha watu tamaa, nami naona imewaletea habari njema mapema. Saa sita za kazi ya uhakika ni kipande kizuri cha riziki. Zinakuwa balaa tu pale ulipokodi kibanda, ukanunua vifaa vyote na kuacha kila kitu kingine ukidhani ni saa arobaini.

Hatua ya 2: Usome mji

Tenga mwezi mmoja, chukua daftari, na uache kuuliza watu "mnahitaji nini?" Wakiulizwa hivyo watataja vitu vizuri ambavyo hawatavilipia kamwe. Tazama wanachofanya tayari. Andika haya:

- Ni vitu gani au huduma gani wanasafiri kwenda kuzitafuta mji mwingine? Nauli na siku waliyopoteza ni sehemu ya bei wanayolipa sasa.
- Ni kazi gani lazima wamngoje mtu? Ukisikia "fundi huyo humpati mpaka mwezi ujao", hapo pana pengo.
- Ni kazi gani ilikufa kwa sababu aliyeifanya alizeeka, alihama au alifariki, na hakuna aliyerithi?
- Ni taasisi zipi zinalipa kila mwezi bila kujali msimu: shule, zahanati, ofisi za serikali, vyama vya ushirika, nyumba za ibada? Nani anazifanyia usafi, matengenezo, hesabu, uchapaji, usafirishaji?
- Wageni huja lini, kwa sababu gani, na hukosa nini wakifika?

Swali la tatu ndilo linalopuuzwa zaidi, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mzee anayekaribia kuacha ufundi wake ana wateja, ana vifaa, ana jina, na mara nyingi hana wa kumwachia. Nenda kwake kwa heshima, uombe kumsaidia siku moja kwa wiki. Kijana anayekopa fedha kufungua biashara mpya huku fundi wa aina hiyohiyo akizeeka mtaa wa pili amechagua njia ndefu.

Usomaji wa mji unahusu pia kile ambacho wenyeji wamekizoea hata hawakioni. Kamikatsu ni mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Tokushima, Japani. Mwaka 1981 baridi kali iliua miti yake ya machungwa. Mtumishi wa ushirika wa wakulima, Tomoji Yokoishi, aliona kwamba mikahawa ya mijini hupamba sahani kwa majani na maua ya msimu, vitu ambavyo milima ya Kamikatsu ilikuwa navyo kila kona. Biashara ya majani ilianza mwaka 1986, na wauzaji wake wakuu wakawa wanawake wazee, ambao kazi hiyo haiwachoshi mgongo. Huko Hay-on-Wye, mji wa Wales wenye watu wasiofika elfu mbili, Richard Booth alianza kuuza vitabu vilivyotumika miaka ya 1960. Wengine wakafuata mpaka mji ukajulikana duniani kwa vitabu, na tangu 1988 una tamasha lake la kila mwaka.

Usichukue mifano hiyo kama ruhusa ya kungoja wazo kubwa litakalouokoa mji. Angalia chanzo chake: mtu mmoja aliunganisha kitu kilichokuwa bwerere mahali pamoja na wanunuzi waliokuwa mahali pengine.

Hatua ya 3: Jisome mwenyewe, kwa orodha tatu

Ya kwanza ni ya mambo ambayo umewahi kulipwa kuyafanya, hata mara moja. Ya pili ni ya mambo ambayo watu hukuomba uwasaidie bure: kuandika barua, kupatanisha, kurekebisha simu, kupanga sherehe, kufundisha mtoto hesabu. Ya tatu ni ya mambo unayoyafanya bila kuombwa na mtu.

Orodha ya pili ndiyo yenye soko. Mji umeshakutangaza bila wewe kujua. Kilichobaki ni kuweka mpaka kati ya msaada na kazi. Ya tatu itunze kwa ajili ya hatua ya kusudi, na usiwe na haraka ya kuigeuza biashara. Ushauri wa kwamba ufuate unachokipenda na fedha zitakuja umetolewa na watu wanaoishi penye wateja milioni.

Vyeti viweke pembeni kwa sasa, isipokuwa kwa kazi ambazo sheria inavidai, kama tiba, umeme wa majumbani au udereva wa abiria. Hapo hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 4: Changanya kwa mpango

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Wanaokota kila kibarua kinachopita, na mwisho wa mwaka wana shughuli saba zisizojuana. Mchanganyiko mzuri una sehemu nne.

*Nguzo.* Kazi inayolipa kwa kutabirika, hata kama ni kidogo na haikusisimui: nusu siku shuleni, mkataba wa kutunza hesabu, zamu za zahanati. Kazi yake ni kulipia mahitaji ya lazima ili usikubali kila kitu kwa njaa. Nguzo ikichukua zaidi ya nusu ya wiki, imeshakuwa ajira na mengine yatabaki ndoto.

*Kazi ya oda.* Ufundi, upigaji picha, ushonaji, ukarabati, upishi wa shughuli, chochote kinacholipa vizuri kwa saa lakini huja kwa mawimbi.

*Fedha za nje.* Angalau kipato kimoja kitoke kwa watu wasioishi mjini kwako: tafsiri au hesabu kwa njia ya intaneti, bidhaa inayouzwa miji mingine, wageni. Hili si la hiari, na nitaeleza kwa nini.

*Kazi isiyolipwa* ambayo mji unaihitaji. Hiyo ina hatua yake mbele.

Tuangalie fedha za nje. Marienthal kilikuwa kijiji cha kiwanda kimoja cha nguo, kusini-mashariki mwa Vienna, Austria. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1929 na 1930, karibu kijiji kizima kilikosa kazi kwa pamoja. Aliyekuwa na duka alipoteza wateja siku ileile ambayo jirani yake alipoteza mshahara. Mtu mwenye kazi tatu, zote zikitegemea mifuko ya watu walewale wanaolipwa na mwajiri mmoja, ana kazi moja yenye majina matatu.

Kwa upande mwingine, fedha za nje zikiwa na mnunuzi mmoja tu nazo ni mtego. Wapangaji wa mashamba madogo ya Uskoti walilijua hilo kwa uchungu. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wenye ardhi waligawa vishamba ambavyo kwa makusudi havikutosha kulisha familia, ili wapangaji walazimike kuvuna mwani wa baharini na kuuchoma. Majivu yake yalitumika kutengeneza kioo na sabuni. Bei ya majivu ilipoanguka baada ya vita vya Napoleon, watu walibaki na kishamba kisichotosha na kibarua kisichokuwepo. Walikuwa na kazi mbili, lakini hawakuchagua hata moja, na wala hawakuwa na haki ya kubaki kwenye ardhi mpaka sheria ya mwaka 1886. Kwa hiyo jiulize kuhusu kila kazi: nani anaweza kuifuta kesho, na je, ni mtu huyohuyo anayeweza kufuta nyingine?

Kazi zako zikishapita mtihani huo, zipime zenyewe kwa zenyewe:

Je, misimu yake inapishana au inagongana? Ufundishaji na kupokea wageni vinapishana vizuri pale wageni wanapokuja wakati wa likizo za shule. Kulima na kuvua vinaweza kupishana au kugongana, kutegemea mahali.

Je, zinatumia vifaa au wateja walewale? Anayepiga picha za harusi anaweza kuchapa kadi za mialiko. Mteja ni mmoja na safari ni moja. Anayepiga picha na kufuga nyuki atahitaji vifaa, maarifa na wateja tofauti kabisa. Haijakatazwa, ila ujue gharama yake.

Je, moja inapumzisha kile ambacho nyingine inachosha? Ukishinda na watu siku tatu, kazi ya mikono peke yako ni dawa.

Naoki Shiomi, mwenyeji wa Ayabe, Japani, alianza katikati ya miaka ya 1990 kueneza wazo la kuwa nusu mkulima na nusu kitu kingine: ulime chakula cha nyumbani kwa kiasi, na muda uliobaki uufanyie kazi kipaji chako. Sehemu ya wazo hilo yenye faida hata kwa asiye na shamba ni hii: kila hitaji unalojitimizia mwenyewe linapunguza fedha unazolazimika kutafuta, na hivyo linakupa uhuru wa kukataa kazi mbaya.

Idadi? Tatu zinazolipa na moja isiyolipa. Ya nne inayolipa iingie pale tu moja inapotoka.

Hatua ya 5: Jaribu kwa miezi mitatu

Azima au kodi vifaa. Usikodi chumba. Usichapishe mabango. Tafuta wateja watano wanaolipa, ambao angalau watatu si ndugu wala marafiki zako, maana ndugu atanunua kukutia moyo na utadhani ni soko.

Bei ipange tangu siku ya kwanza. Mahali ambapo kila mtu anajuana, bei ya kwanza husambaa siku hiyohiyo na kuipandisha baadaye ni ugomvi. Hesabu saa za kazi, saa za njia, vifaa, na muda wa kuzungumza na mteja kabla ya kazi kuanza. Hilo la mwisho hula kuliko unavyofikiri. Kwa ndugu na majirani weka kanuni moja na uiseme bila kununa: "Kwa ndugu zangu napunguza kiasi hiki, na nalipwa kazi ikiisha." Unaweza pia kuamua kwamba mambo fulani huyafanya bure siku zote na mengine huyafanyi bure kamwe. Kinachoharibu undugu ni kila mtu kupewa bei yake.

Kazi inayohitaji ununue vifaa, chukua malipo ya awali yanayotosha vifaa hivyo. Mali kauli iache kwa wenye mtaji.

Baada ya miezi mitatu uliza swali moja: kuna mteja aliyerudi au aliyemleta mwingine? Kama hayupo, ama kazi ina kasoro ama hitaji halipo. Vyote viwili vinakwambia usinunue vifaa bado.

Hatua ya 6: Igawe wiki kwa nusu siku

Wiki ya siku sita ina nusu siku kumi na mbili. Igawe hivyo, usiigawe kwa saa. Anayeshika nyundo saa moja, kompyuta saa inayofuata, halafu chaki, hutumia siku nzima kuhama.

Mfano wa mgawo unaofanya kazi: nusu siku nne za nguzo, tatu za kazi ya oda, mbili za kazi ya nje, moja ya kazi ya jamii, moja ya daftari na manunuzi, na moja haina kitu. Hiyo isiyo na kitu usiiuze. Ndiyo inayomeza mvua, misiba, mtoto anayeumwa na kazi iliyochukua muda kuliko ulivyoahidi.

Kisha utangaze siku zako. Watu wakijua kwamba Jumanne na Alhamisi uko karakana, watakungoja Jumanne. Wasipojua watakuja kugonga mlango wakati wowote, na kila kazi yako itakuwa ya dharura.

Hatua ya 7: Daftari

Mali bila daftari huisha bila habari, na mwenye kazi tatu anahitaji daftari mara tatu. Kila kazi iwe na ukurasa wake wenye safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, na saa zilizotumika. Safu ya saa ndiyo wengi huiacha, na ndiyo inayosema ukweli. Kazi inayokuletea fedha nyingi kuliko zote kwa mwezi inaweza kuwa ndiyo inayolipa kidogo kuliko zote kwa saa.

Kila mwisho wa miezi mitatu gawanya faida ya kila kazi kwa saa zake, uzipange kutoka juu kwenda chini. Usiifute ya chini papo hapo. Huenda ndiyo inayowaleta wateja wa ile ya juu. Ila ujue.

Mengine ni mafupi. Weka akiba ya matumizi ya lazima ya miezi mitatu kabla ya kununua kifaa chochote kikubwa. Fahamu kodi na leseni zinazodaiwa kwa kila kazi, kwa kuwa kazi tofauti huangukia kanuni tofauti, na mwajiri wa nguzo yako hakulipii kodi ya karakana. Na kwa vile hakuna mwajiri mmoja atakayekukatia michango ya uzeeni na bima ya afya kwa kipato chote, jikatie mwenyewe kila mwezi, hata kidogo.

Hatua ya 8: Linda jina

Katika mji mkubwa kazi mbovu hukupotezea mteja. Katika mji mdogo inakufuata kwenye kazi zako nyingine mbili. Aliyecheleweshewa kabati kwa miezi miwili hatamleta mtoto wake kwako afundishwe, hata kama wewe ni mwalimu hodari. Kwa hiyo ahidi kidogo. Ukichelewa, toa habari wewe kwanza kabla ya kuulizwa.

Kuna siri pia. Mtunza hesabu wa maduka mawili yanayoshindana, au muuguzi ambaye jioni ni mshonaji, anabeba habari ambazo hazipaswi kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Waambie wateja waziwazi kwamba unawahudumia wote wawili. Asiyeridhika aende zake mapema.

Kabla ya kuingia kwenye kazi ambayo mtu mwingine anaitegemea, nenda ukazungumze naye. Mara nyingi utagundua kuna sehemu asiyoipenda na atafurahi kukuachia. Hata akikasirika, amekasirika akiwa amesikia kutoka kwako.

Jambo la mwisho kuhusu watu: undugu na urafiki wa mji mdogo ni wa karibu sana, na hapo kuna upungufu. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi huja kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali, kwa kuwa wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Watunze basi uliosoma nao waliohama, dereva wa masafa marefu, mgeni aliyewahi kununua kwako. Salamu mbili kwa mwaka zinatosha.

Hatua ya 9: Kusudi, na viti vilivyo wazi

Turudi Marienthal. Kundi la watafiti, akiwemo Marie Jahoda, waliishi na kufuatilia kijiji hicho mwaka 1931 na 1932. Mtu angetarajia kwamba watu wasio na kazi, wenye muda tele, wangesoma zaidi. Vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua karibu nusu. Watafiti walipima hata mwendo wa watu barabarani: wanaume walitembea polepole na kusimamasimama, wakati wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwa zimewaisha, walitembea kwa kasi zaidi. Kilichopotea kilizidi mshahara.

Baadaye Jahoda alitaja mambo matano ambayo ajira humpa mtu mbali na fedha: siku yenye mpangilio, kukutana na watu walio nje ya familia, lengo linalomzidi mtu binafsi, hadhi na utambulisho, na shughuli inayomlazimisha aamke. Yafanye matano hayo kuwa orodha yako ya ukaguzi. Aliyeajiriwa huyapata yote mahali pamoja. Wewe mwenye kazi tatu itabidi uyakusanye, na ni rahisi moja likakosekana bila wewe kujua. Anayefanya kazi ya nje kwa kompyuta akiwa nyumbani, kwa mfano, anaweza kuwa na fedha za kutosha na asionane na mtu wiki nzima. Andika kazi zako upande mmoja, mambo matano upande wa pili, uchore mistari. Jambo lisilo na mstari ndilo la kushughulikia, na mara nyingi kazi isiyolipwa ndiyo huliziba.

Hapo mji mdogo una faida ambayo mji mkubwa hauna. Mwaka 1947 wanasaikolojia Roger Barker na Herbert Wright walifungua kituo cha utafiti Oskaloosa, mji mdogo sana wa Kansas, wakaanza kuandika maisha ya kila siku ya wakazi wake. Katika utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 1964, Barker na wenzake walilinganisha shule kubwa na ndogo. Shule kubwa zilikuwa na shughuli nyingi zaidi. Lakini mwanafunzi wa shule ndogo alishika nafasi za wajibu mara nyingi zaidi, na alihisi kwamba anahitajika. Sababu haikuwa tabia njema ya watoto wa mashambani. Mchezo wa kuigiza unahitaji wahusika kumi iwe shule ina wanafunzi mia moja au elfu mbili, na penye mia moja hata mwenye haya ataombwa.

Wanaongoja kusudi liwajie kwa kutafakari hungoja sana. Tafuta kiti kilicho wazi: timu ya watoto isiyo na kocha, maktaba inayofungwa kwa kukosa mtu wa kukaa jioni, kamati ya maji isiyo na mtu wa kuandika kumbukumbu, kwaya isiyo na mpiga kinanda. Linganisha na ile orodha yako ya tatu. Panapokutana viti na mapenzi yako, keti.

Ila keti kwa masharti. Mji mdogo ukigundua kwamba hukatai, utakupa kamati zote, na ndani ya miaka miwili utauchukia. Chukua nafasi moja, kwa muda uliotajwa tangu mwanzo: "Nitaifanya kwa miaka miwili, na mwaka wa pili nitamfundisha mwingine." Ukiombwa ya pili, jibu linalotosha ni hili: "Nikiimaliza hii nitafikiri." Usitoe sababu nyingi, kwa kuwa kila sababu utakayotoa itatafutiwa dawa.

Uwe tayari pia kuifanya vibaya kwa muda. Mahali penye watu wengi, kocha asiyejua mpira huondolewa. Mahali pasipo na kocha mwingine watoto watacheza hivyohivyo, nawe utajifunza mbele yao.

Hatua ya 10: Pitia, ongeza, ondoa

Mara mbili kwa mwaka fungua daftari na orodha ya mambo matano kwa pamoja. Kazi inayolipa vibaya na haina mstari hata mmoja kwenye orodha, iondoe. Inayolipa vibaya lakini inabeba mistari mitatu, ihamishie upande wa kazi isiyolipwa na uache kuidai fedha, itakupendeza zaidi. Inayolipa vizuri na kukumaliza roho, iwekee tarehe ya kuisha na uanze kutafuta mbadala sasa, wakati bado inakulisha.

Kuondoka kwenye kazi mahali mnapoonana kila siku kuna adabu yake. Maliza oda zote zilizolipiwa. Waambie wateja wa kudumu ana kwa ana, angalau mwezi mmoja kabla. Mtafute wa kumwachia, umpitishe kwao mmoja mmoja ukimtambulisha, na umpe nakala ya ukurasa wa bei na wa wasambazaji. Vifaa muuzie kwa awamu kama hana fedha, mkiandikiana mbele ya shahidi. Siku zako mpya zitangaze wiki hiyohiyo, kabla watu hawajaanza kukutafuta siku za zamani.